Kurudi Shule Ukiwa Mtu Mzima: Tujifunze kwa Mt. Inyasi



Wapendwa vijana, katika utume wangu hapa Buzuruga kuna swali ambalo huwa haliulizwi mbele za watu. Mtu anasubiri jumuiya iishe, anakuja pembeni: "Frateri, nilimaliza kidato cha nne miaka kumi iliyopita. Nina familia, naendesha bodaboda. Hivi bado naweza kuomba chuo?" Ada ni shida kweli, lakini mara nyingi nyuma ya swali hilo kuna aibu: nitakaaje darasa moja na madogo?

Mt. Inyasi wa Loyola alikaa. Alizaliwa mwaka 1491, akawa mtu wa vita, akavunjwa mguu kule Pamplona mwaka 1521. Baada ya kuongoka aliona kwamba hawezi kusaidia roho za watu vizuri bila elimu. Basi mwaka 1524, akiwa na miaka zaidi ya thelathini, alianza kusoma Kilatini cha mwanzo huko Barcelona, pamoja na watoto.

Tujifunze mambo mawili kwake.

1. Sala haichukui nafasi ya daftari. Kila alipokaa kukariri Kilatini, yalimjia mawazo matamu ya kiroho. Alipopima akagundua ni kishawishi, maana yalikuwa yanamtoa kwenye masomo. Akamwahidi mwalimu wake kwamba hatakosa kipindi kwa miaka miwili, mradi apate mkate na maji. Kijana, novena yako ni njema. Ila ukimaliza novena ya tatu na hujaulizia hata sifa za kujiunga, jipime.

2. Usiruke ngazi. Alipofika Alcalá, Inyasi alibeba masomo mengi makubwa kwa pamoja, akaambulia kidogo. Mwaka 1528 akaenda Paris, akarudia tena Kilatini na watoto. Mwaka 1535 akapata shahada ya uzamili. Kurudi chini ndiko kulikompandisha.

Na sisi tuna ngazi zetu:

- Hukumaliza sekondari? Upo Mtihani wa Maarifa (QT), unaokufungulia njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne.
- Matokeo hayakutosha? Jisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, rudia masomo unayohitaji.
- Una D nne au zaidi, bila kuhesabu masomo ya dini? Kozi nyingi za cheti zinakupokea, ingawa nyingine, kama za afya, zinadai masomo maalumu. Cheti kinakupeleka stashahada, na stashahada yenye ufaulu mzuri inakupeleka shahada.
- Huwezi kuacha kazi? Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinafundisha kwa masafa, na kina kituo hapa Mwanza.

Katika Lk 14:28-30 Yesu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza hukaa chini na kupiga hesabu. Fanya hivyo. Je, majina kwenye cheti cha kuzaliwa na cha shule yanafanana? Kama hayafanani, anza kurekebisha mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Soma mwenyewe masharti ya mkopo ya mwaka husika. Na kama una mwenzi, kaeni mpige hesabu pamoja, maana ada yako itatoka kwenye sahani ya wote.

Kuna njia ya mkato: cheti cha kununua. Uhakiki wa mwaka 2017 uliwaondoa kazini watumishi wa umma zaidi ya 9,000 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Lakini hata asingekamatwa mtu, huo ni uongo, na nafasi hiyo anaibiwa aliyesoma usiku kwa mshumaa. Afadhali kuanza na cheti halali ukiwa na miaka 35 kuliko kuishi kwa hofu na shahada isiyo yako.

Maswali ya kutafakari

1. Kinachonizuia kuomba chuo ni uwezo, au ni macho ya watu?
2. Ngazi yangu halisi leo ni ipi?
3. Wiki hii nitafanya hatua gani moja?

Tusali: Ee Bwana, utupe unyenyekevu wa kuanza chini na uvumilivu wa kumaliza. Amina.

Mt. Inyasi wa Loyola, utuombee.