Bei ya Umeme na Kilio cha Watu: Somo kutoka Milima ya Uluguru



Mtu akisimama jioni kwenye mteremko wa Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, huona taa nyingi zikiwaka chini yake. Huko bondeni zimepita pia nguzo za chuma zinazochukua umeme kutoka Kidatu kwenda Dar es Salaam. Lakini akigeuka kuitazama njia aliyoipanda, huenda akakutana na mama aliyejitwika mzigo wa kuni. Nyumbani kwa mama huyo pengine taa ya umeme imo. Taa inawaka, na jikoni bado ni mafiga matatu.

Kwa nini? Wako wanaosema kwamba watu wetu hawajaelimika. Hiyo si kweli. Mama yule anajua hesabu kuliko wanaomlaumu: anajua fedha aliyonayo, na anajua kuni hazina LUKU. Basi katika somo la mwezi huu tujifunze jambo moja: kitu chema kikiletwa bila kuwasikiliza watu, na mzigo wake ukawaangukia wanyonge, watu watakikataa, hata kama ni chema kweli. Milima yetu imekwisha kutufundisha jambo hilo mara moja.

1. Matuta ya mwaka 1955

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliona kwamba mvua inauteremsha udongo wa Uluguru na kuujaza mchanga kwenye mito. Mito hiyo ndiyo inayoulisha mto Ruvu. Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Serikali ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ya mlimani. Asiyechimba aliadhibiwa.

Wakulima walilalamika. Kazi ilikuwa nzito mno. Tena udongo mzuri wa milima hii ni mwembamba. Ukichimba ngazi, udongo usio na rutuba hutoka chini na kukaa juu. Mtu alitoa jasho, kisha akavuna kidogo kuliko zamani. Malalamiko yao yalionekana kuwa uvivu na ukaidi.

Mwezi wa Julai 1955 watu wengi walikusanyika Matombo kuyapinga matuta. Polisi walipiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo serikali ilikoma kuwalazimisha watu.

Lakini tusisahau upande wa Mgeta. Huko kuna baridi na maji ya mifereji, na watu walikuwa wakilima mboga za kuuza mjini. Mashamba ya ngazi yaliwapa faida, na hata leo mgeni anayepanda Mgeta huziona ngazi za mboga mlimani. Basi ubaya haukuwa katika tuta lenyewe. Palipomfaa mkulima lilibaki, na palipomwongezea mzigo tu lilikataliwa.

2. Umeme wetu na gharama yake

Mkoa wetu ni nyumba ya umeme. Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, ilianza kutoa umeme mwaka 1975, na uwezo wake ni megawati 204. Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, ikafuata mwaka 2000 kwa megawati 180. Na huko Rufiji, mpakani mwa wilaya ya Morogoro, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye mashine 9 na uwezo wa megawati 2,115. Mashine yake ya kwanza iliingizwa katika gridi ya taifa Februari 2024.

Mtu huuliza: Ikiwa maji ni ya Mungu, kwa nini umeme wa maji una bei? Ni kweli kwamba mto hautuletei ankara. Lakini bwawa, mashine, nguzo na nyaya hujengwa kwa fedha, mara nyingi za mkopo. Tena mvua ikikosekana, mashine za maji husimama, na taifa hulazimika kuwasha mitambo ya mafuta na gesi. Ndivyo ilivyokuwa katika ukame wa mwaka 2006, na tena katika mgao wa mwaka 2011. Mafuta ni ghali, na gharama yake humfikia mtumiaji. Januari 2012 bei ya umeme ilipanda kwa asilimia 40, na Januari 2014 ikapanda tena kwa karibu kiasi hicho hicho.

Wala tusidhani kwamba umeme safi hauna gharama nyingine. Maporomoko ya Kihansi yalipopunguziwa maji, chura mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani alitoweka hapo. Alitunzwa Marekani, na mwaka 2012 baadhi yao wakarudishwa nyumbani. Kila nishati ina anayeilipia, awe mtu au kiumbe kingine. Yafaa tuulize daima: Nani analipa?

3. Hesabu ya jikoni

Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi na tozo. Akizidisha, kila yuniti ya ziada ni shilingi 350. Aliye katika kundi la kawaida hulipa shilingi 292. Maana yake, yuniti 75 ni shilingi 7,500 kwa wa kwanza, na shilingi 21,900 kwa mwingine.

Sasa tazama jiko. Jiko la sahani la wati 1,000 likiwaka kwa nguvu zake zote saa tatu ili kuivisha maharage, hula yuniti 3. Mtumiaji mdogo akipika hivyo kila siku, kwa siku 25 amezimaliza yuniti zake 75 kwa maharage peke yake. Hajawasha taa, hajapiga pasi. Hapo ndipo mama anapourudia mkaa. Lakini maharage hayo hayo yakipikwa katika sufuria ya umeme yenye mgandamizo huiva kwa chini ya yuniti moja. Tatizo ni kwamba sufuria hiyo hununuliwa kwa fedha nyingi kwa mara moja, na mkaa hununuliwa kwa kopo. Maskini hununua kidogo kidogo, na hatimaye hulipa zaidi.

Kuna jambo lingine. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kwa njia ya LUKU. Mwenye kulipa kodi hiyo ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Basi mpangaji na mwenye nyumba wakae chini wapatane, fedha hiyo ipunguzwe katika kodi ya pango. Haya ni mambo madogo, lakini ugomvi mwingi huanzia katika madogo.

Mwaka 2024 serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024. Shabaha ni njema. Macho ya mama zetu yanaumia kwa moshi, na miti inakwisha. Lakini mzigo usipopimwa, tutarudia habari ya Matombo. Tumkumbuke pia mchoma mkaa, ambaye watoto wake husoma kwa tanuru lile. Akiambiwa aache, aonyeshwe na kazi ya kushika.

4. Kilio na baraza

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya tano, tunasoma habari za watu waliolia kwa sababu ya njaa, rehani na riba. Nehemia alikasirika aliposikia, lakini alitafakari kwanza, kisha akawaita wakuu mbele ya mkutano wa watu wote. Hakuwaita wenye kulia wakaidi. Naye mwenyewe alikataa posho ya uliwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Na sisi tunalo baraza. Kwa sheria, kabla EWURA haijabadili bei ya umeme, huitisha mkutano wa taftishi, na mwananchi yeyote aweza kusema. Liko pia baraza la watumiaji lililowekwa ili kututetea. Mwaka 2016 TANESCO iliomba kupandisha bei, na EWURA ikakubali karibu asilimia 8.5. Siku ya mwisho ya mwaka Waziri wa Nishati akalizuia jambo hilo, na Januari 1, 2017, Rais Magufuli akamwondoa kazini mkurugenzi wa shirika. Watu wengi walifurahi. Lakini tujiulize kwa unyofu: Bei ikizuiwa kwa amri, gharama imekwenda wapi? Deni halifutiki kwa kutangazwa. Iliyo bora ni hesabu iliyowekwa wazi mbele ya watu, ili tujue sehemu ipi ni gharama ya kweli na ipi ni uzembe.

Mara nyingi mikutano hiyo hujaa wataalamu na wenye viwanda, na mama wa kuni hayupo. Tukinyamaza mezani, tusishangae kulia jikoni.

5. Tufanye nini?

Kwanza, kila nyumba iandike kwa mwezi mmoja fedha za mkaa, kuni, gesi na umeme. Wengi tutashangaa.

Pili, akina mama wanaochangiana fedha kwa zamu waifikirie sufuria ya umeme kama wanavyofikiria vyombo vingine.

Tatu, halmashauri ya mtaa ijue siku ya mkutano wa taftishi inapotangazwa, na imtume mtu mwenye hesabu mkononi. Maneno ya hasira husahauliwa, lakini hesabu huandikwa.

Nne, tusivunje mita wala kujiunganishia umeme wa wizi. Anayeiba humtwisha jirani yake.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Wazee wetu wanakumbuka au walisimuliwa nini juu ya matuta ya mwaka 1955?

2. Katika nyumba yako, ni nani anayeamua moto wa kupikia, na ni nani anayeulipia?

3. Kama ungepewa dakika tano katika mkutano wa bei ya umeme, ungesema nini?

4. Nani katika mtaa wetu ataumia mkaa ukikoma, nasi tutamsaidiaje?

Wazee wa Matombo hawakuuchukia udongo wao. Walitaka waulizwe. Nasi tuulizane mapema, kabla kilio hakijawa kikubwa.