Mwalimu Aliyenyimwa Wachezaji

Timu ikifungwa, watu hupiga kelele: “Mwalimu afukuzwe!” Yafaa tulitazame jambo hili kwa mfano wa Aston Villa, klabu ya Uingereza iliyopata kuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1982.

Mfaransa Rémi Garde alikabidhiwa timu hiyo Novemba 2015. Hakuwa mgeni wa kazi: aliiongoza Lyon kutwaa Kombe la Ufaransa mwaka 2012, na zamani aliichezea Arsenal. Lakini alikuta nini? Timu i mkiani, imeshinda mchezo mmoja tu wa ligi tangu Agosti. Benteke, mfungaji wao mkuu, amekwisha kuuzwa Liverpool, na nahodha Delph yuko Manchester City. Tena mwenye klabu, Mmarekani Randy Lerner, alikuwa akitafuta mtu wa kuinunua.

Januari 2016, wakati wa kusajili ulipofunguliwa, Garde hakupewa mchezaji hata mmoja mpya. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, kazi yake ilipokufa. Ni baba gani ampaye mwanawe jembe lisilo na mpini, kisha amgombeze jioni kwa shamba lisilolimwa? Mwezi uliofuata Liverpool waliwafunga 6–0, tena nyumbani kwao.

Hatusemi kwamba Garde hakuwa na lawama. Kushinda michezo 2 ya ligi katika 20 ni hesabu mbaya kwa mwalimu yeyote. Aliondoka Machi 2016. Mtu mwingine akashika usukani, na mwezi wa Aprili timu ikashuka daraja vilevile.