Injini Ikitetemeka, Usianze na Skrubu

Land Rover ya zamani inayobeba pamba Bariadi ikisimama hutetemeka, kisha huzimika. Mafundi husema imekosa sailensa. Wengi hukimbilia skrubu za kabureta. Matokeo yake gari hunywa petroli, na fedha ya pamba huishia humo.

Fuata hatua hizi:

1. Zima injini ipoe. Usivute sigara.

2. Safisha chujio la hewa. Vumbi huziba.

3. Fungua plagi. Ikiwa na masizi, petroli inazidi. Ikiwa nyeupe, hewa inazidi: tafuta mpira uliopasuka au nati iliyolegea chini ya kabureta.

4. Zibua jeti kwa upepo. Waya hupanua tundu.

5. Skrubu iwe mwisho. Andika daftarini umeizungusha mara ngapi.

Zoezi: Kwa nini tusizibue jeti kwa waya?