Udongo Unapogeuka Nyundo

Swali: Gari la deraya likikanyaga bomu la ardhini, kinachopinda chuma ni moto au udongo? (Msomaji, Geita)

Jibu: Sehemu kubwa ni udongo. Jirani wa mgodi wa dhahabu Geita hashangai: siku ya kulipua, watu na magari huondolewa, maana jiwe likichomoka halichagui paa. Bomu lililofukiwa nalo hurusha udongo ulio juu yake.

Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti waliweka baruti kando ili kupima kipigo cha udongo peke yake. Walijaza mchanga uliolowa kwenye mrija, wakaufyatua kwa pistoni ya gesi, ukagonga fimbo ya metali yenye vipimo. Shinikizo lilifuata uzito wa mchanga kwa ujazo, mara kasi kipeo cha pili. Yaani kasi ikiongezeka maradufu, kipigo huwa mara 4!

Maji huongeza balaa. Luseni, mchanga wa Usukumani, ukiwa mkavu una hewa inayobanwa na kumeza nguvu. Ukilowa, nafasi kati ya punje hujaa maji, nayo hayabanwi kirahisi.

Afrika Kusini ilijibu kipigo hicho kwa umbo la gari. Casspir, gari la deraya la mwishoni mwa miaka ya 1970, lina tumbo la herufi V linalotupa udongo pembeni.