Mtoto wa Miaka Mitano na Masomo ya Nyumbani

Tumeletewa suali na dada yetu mmoja, naye ana mtoto wa kike wa miaka mitano. Asema kuwa mtoto huyo alikuwa akienda chekechea, na kila jioni akirudi na kurasa nne za kuandika, na kila asubuhi akililia tumbo asiende. Mama akamtoa. Sasa akaa naye nyumbani na kumfundisha alijualo, bila ya kitabu cha kufuata wala kengele. Mama mkwe wake amlaumu, asema mjukuu atapitwa na wenziwe. Na mume, ambaye kazi yake i mbali, amemwachia yeye shauri hilo. Auliza: je, alitendalo lafaa? Na mtoto wa umri huu yampasa afundishwe nini, na kwa mpango gani?

Suali hili si la mama mmoja. Katika darsa zetu tumelisikia kwa wengi, na tumeona watu wamegawanyika makundi mawili. Wako wanaodhani kuwa hapana elimu ila penye dawati na daftari, hata mtoto wa miaka mitatu wamvika viatu vizito na mkoba ulio mkubwa kumshinda. Na wako waliosikia kuwa Ulaya na Marekani watu huwasomesha watoto wao majumbani, wakalipenda jina la jambo lenyewe bila ya kuipenda kazi yake, wakawaacha watoto wakizunguka nyumba mchana kutwa na simu mkononi, kisha wakasema: sisi twasomesha nyumbani. Kundi la kwanza twalihurumia. La pili hatuna la kuliambia ila kwamba mtoto ni amana.

Basi na tuanze na sharia yetu. Mtume wetu s.a.w. alituamrisha kuwaamuru watoto kusali wafikapo miaka saba. Maana yake ni kuwa kabla ya saba hakuna amri ya ibada iliyowekwa juu ya mtoto, hata hiyo Sala ambayo ndiyo nguzo ya dini. Ikiwa Sala yenyewe imengojewa hata miaka saba, twaona ajabu kwa mzazi asiyeweza kuingojea hesabu ya kutoa na kujumlisha. Walakini kukosekana amri si kukosekana malezi. Na atakaye kujua malezi ya umri huu yalikuwaje, naatazame Mtume s.a.w. mwenyewe alikuwaje pamoja na watoto.

Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Mtume. Siku moja wakila, mkono wake ukawa wazunguka sahanini huku na huku. Mtume akamfundisha mambo matatu hapo hapo: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Umar alipokuwa mtu mzima alieleza kuwa tangu siku ile huo ndio uliokuwa mwendo wake wa kula. Tazama basi: somo lilikuwa fupi, lilikuja wakati wake, na chombo cha kufundishia kilikuwa sahani iliyo mbele yao. Abu Umair, nduguye mdogo Anas, alikuwa na kidege akichezea. Kidege kilipokufa, Mtume alimwuliza khabari zake kwa jina lililolingana kwa sauti na jina la mtoto, kumliwaza. Mjukuu wake alimpanda mgongoni naye yuko katika sijda, akairefusha sijda hata mtoto akatosheka. Na mama wa Abdallah bin Amir alipomwita mwanawe amwambia njoo nikupe kitu, Mtume alimwuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Akamwambia kuwa lau hakuwa na la kumpa, angeandikiwa uwongo. Hili la mwisho twawaomba akina mama na akina baba walisome mara mbili, kwani katika masomo ya nyumbani mwalimu wa kwanza wa ukweli ni ahadi ndogo ndogo za kila siku, na ni nyingi tuzivunjazo tukidhani mtoto hakumbuki.

Ama wanavyuoni, wao pia wamesema mengi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, nao ni 1111 Miladia, alieleza katika Ihyaa kuwa mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri wa kumpumzisha, na kwamba kumzuilia mchezo na kumchosha kwa masomo daima huuua moyo wake na kuizima akili yake, hata akatafuta hila ya kuyakimbia masomo yote. Maneno haya yametimia miaka mia tisa na zaidi, na lile tumbo la asubuhi la mtoto wa dada yetu tayari limo ndani yake.

Na Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika 1377, amelieleza jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Alisema kuwa miji ya Kiislamu haikuwa na mpango mmoja wa kuwasomesha watoto. Watu wa Maghrib walikuwa wakimfundisha mtoto Qur'ani na maandishi yake tu, hawachanganyi na kingine. Watu wa Andalus waliiweka Qur'ani kuwa ndiyo asili, lakini pamoja nayo walimsomesha mashairi, uandishi wa barua, sarufi ya Kiarabu na khati nzuri. Watu wa Ifriqiya, yaani Tunisia ya leo na jirani zake, waliichanganya Qur'ani na Hadithi. Kisha amtaja Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi wa Andalus, ambaye rai yake ilikuwa mtoto aanze na lugha na mashairi, kisha hesabu, ndipo aingie katika Qur'ani naye yuafahamu akisomacho. Ibn Khaldun aliisifu rai hiyo, ila akasema desturi za watu haziikubali, maana wazazi huchelea mtoto akikua atawaponyoka kabla hajasoma Qur'ani, basi humwahi angali chini ya mkono wao.

Tumelirefusha hili kwa sababu moja. Mtu akikwambia kuwa mtoto asiyefuata mtaala fulani amekwisha potea, mwambie kuwa mpango wa masomo ni jitihada ya watu. Waislamu wenyewe walikhitilafiana juu yake, na wote walitoa wanavyuoni. Lakini pia angalia: katika watu wote hao, hapana hata mmoja aliyemwacha mtoto bila ya mwalimu wala bila ya lengo.

Hata hiyo chekechea yenyewe haikuzaliwa na daftari. Mjerumani Friedrich Froebel alifungua nyumba yake ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina ambalo kwa lugha yao maana yake ni bustani ya watoto. Aliwapa mipira ya sufi na vipande vya mti vya kujengea, akawafundisha kwa nyimbo na kwa kulima vijishamba vyao. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851 kwa hofu zake za siasa, ikaziruhusu tena 1860. Leo jina limebaki duniani kote, na mahali pengi bustani imeng'olewa, vikabaki viti.

Hatusemi kuwa shule zetu zote ni hivyo. Hapa Mombasa, tangu miaka ya 1980, mpango wa madrasa wa Aga Khan Foundation ulifungua njia ya kuchanganya masomo ya dini na michezo ya kufundishia watoto wadogo, kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, na akina mama wa mitaani ndio waliofunzwa ualimu. Aliye na shule ya namna hiyo mtaani kwake, na ada yake aiweza, na ampeleke mtoto na amshukuru Mungu.

Sasa tuje kwenye kazi. Kumsomesha mtoto bila ya mtaala si kumsomesha bila ya nia. Dada yetu aijue khasa nia yake: mtoto akifika miaka sita awe asema lugha yake vizuri, asikiliza akiambiwa, ajua kungoja zamu, apenda kujua mambo, na mkono wake una nguvu za kushika kalamu. Hayo ndiyo msingi, na yote yapatikana nyumbani.

Aanze na lugha. Lugha ya mtoto ni ile anyonyayo, na mtoto asiye na lugha moja iliyokamilika hana pa kuiweka ya pili. Tunawajua wazazi wanaomsemesha mtoto Kiingereza kibovu kwa kuwa wanakionea haya Kiswahili kizuri. Na amtegee vitendawili, na kila usiku kabla ya kulala aseme Paukwa, mtoto aitike Pakawa, amhadithie, na usiku wa pili mtoto ndiye ahadithie. Katika kuhadithia mna kupanga mambo kwa tertibu, mna kumbukumbu, na mna ujasiri wa kusema mbele ya watu. Hapa ndipo mama mkwe awezapo kuwa mwalimu mkuu wa nyumba hiyo, na twadhani lawama zake zitapungua siku atakayopewa darasa.

Hesabu imo jikoni. Mtoto apange visahani kwa idadi ya watu, agawe tende kwa haki, apime mchele kwa kibaba na aone kwa macho yake kuwa vibaba vinne ndiyo pishi moja. Ikifika Zakatul-fitri amwone babake akipima, aambiwe kuwa Mtume s.a.w. aliamrisha pishi moja kwa kila mtu, hata kwa yeye mdogo. Mtoto huyo ameijua robo, amejua hesabu ya nne, amejua na haki ya maskini, na hakuna karatasi iliyochafuka.

Na ilimu ya dunia imo uani. Asimamishe kijiti juani, na kila wakati wa Sala mtoto aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli. Baada ya siku chache ataona mwenyewe kuwa kivuli hupungua hata Adhuhuri kisha hurefuka hata Alasiri. Akidumu mwaka mzima ataona ajabu kubwa zaidi: hapa Mombasa kivuli cha saa sita mchana mwezi wa Juni huelekea suheli, na mwezi wa Disemba huelekea kibla, na mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba jua husimama utosini, kivuli karibu kikatoweka. Afundishwe pande kwa majina ya wazee wetu: kibla, suheli, matlai na magharibi. Makka i karibu sawasawa na kaskazini ya Mombasa, ndiyo maana wazee walikuwa wakiuita upande huo kibla. Ajue kaskazi na kusi, ajue maji ya bamvua na mwezi mwandamo.

Ama Qur'ani, kwa umri huu ni ya sikio kabla ya kuwa ya jicho. Sura fupi zisomwe polepole na mtu asomaye vizuri, mtoto afuate, dakika kumi asubuhi zatosha. Herufi zije baadaye, moja moja, kwa kidole mchangani. Bakora isikaribie kabisa. Ibn Khaldun alionya kuwa mtoto alelewaye kwa ukali hufundishika uwongo na hila kwa kuogopa mikono, tabia hiyo ikawa ndiyo maumbile yake. Na sheria ya nchi yetu nayo imekataza kumpiga mwanafunzi. Mtoto akichoka, juzuu ifungwe.

Limebaki la kuonya. Masomo ya nyumbani yasiwe ndiyo sababu ya kumgeuza mtoto wa kike kuwa yaya wa nduguze. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwenye Sahifa ya 1930 na al-Islah ya 1932, aliwahimiza watu wa pwani hii wasiwaache wasichana bila ya elimu, na twachelea jina jipya la kusomesha nyumbani lisiwe mlango wa kurejea tulikotoka. Pili, mtoto ataka wenziwe. Basi mama huyu atafute nyumba mbili tatu zenye watoto wa rika lake, wakutane asubuhi kwa zamu. Tatu, simu isiwe mwalimu.

Na sheria ya serikali isifichwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeitia elimu ya awali ndani ya elimu ya msingi, na imemwajibisha mzazi ampeleke mtoto shule. Masomo ya awali katika mpango wa Kenya ni miaka miwili, naye atakiwa aingie darasa la kwanza afikapo miaka sita. Muislamu haishi kwa kujificha. Kwa hivyo shauri letu kwa dada yetu ni kuwa aende kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu, amweleze khabari ya mtoto wake, amwulize kama yuko mwalimu wa awali asiyetoa kazi za kuandika jioni. Akimpata, mtoto arudi kwa huyo, na kijiti cha uani, kibaba na hadithi za usiku viendelee vile vile, kwani shule yamchukua asubuhi tu. Asipompata, aombe kwa maandishi aambiwe afanye nini, aiweke nakala ya barua yake, na amwonyeshe mumewe ajapo. Darasa la kwanza asimcheleweshe hata kwa muhula mmoja.