Mtindi na kipandauso

SWALI: Nikinywa mtindi, kichwa hunigonga upande mmoja, nakimbia mwanga na kutapika. Niache maziwa? – Msomaji, Guta, Bunda

JIBU: Hizo ni dalili za kipandauso, lakini maziwa usiyahukumu bado. Kinachoshukiwa sana ni kemikali iitwayo tiramini, ambayo hujaa kwenye jibini iliyokomazwa kwa miezi. Maziwa freshi yanayo kidogo mno. Je, siku kichwa kilipokugonga ulishinda juani bila kula, ukisubiri mitumbwi au ukipalilia? Njaa, kiu na kukosa usingizi huamsha kipandauso, na mtindi mara nyingi hunywewa njaa ikiwa imeshauma. Andika mlo, usingizi, hedhi na maumivu kwa mwezi. Kisha acha mtindi wiki nne, uurudie, ulinganishe. Dawa za maumivu zisizidi siku 2 kwa wiki. Zikizidi, zenyewe huleta maumivu ya kichwa. Ukiwa na homa, kapime malaria siku hiyohiyo.