Somo la Milima ya Mbizi: Majani na Maji

Mwezi huu twataka kujifunza habari za safari ya siku moja kwa miguu, kutoka mji wa Sumbawanga hadi milima ya Mbizi. Safari hii si ya kujifurahisha tu. Aendaye akiangalia vema atajua maji ya nchi yake hutunzwa wapi, na kwa jinsi gani yaweza kupotea.

1. Nchi yenyewe

Ufipa ni uwanda ulioinuka kati ya maziwa mawili. Msafiri atokaye Kabwe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, huanza kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Akipita Namanyere na kufika Sumbawanga, amekwisha kupanda hata mita 1,800 hivi. Mashariki ya mji imesimama milima ya Mbizi, ipitayo mita 2,000. Nyuma yake nchi hukatika kwa magenge marefu, yaitwayo Lyamba lya Mfipa, mpaka bonde la Ziwa Rukwa.

Mvua ya uwanda huu hugawanyika. Maji ya mto Momba hushuka Rukwa, ziwa lisilo na mto utokao. Huko hayana njia tena ila kukaushwa na jua. Maji ya mto Kalambo huanguka katika maporomoko yapitayo mita 200, mpakani mwa Zambia, huingia Tanganyika, kisha kwa mto Lukuga hufuata maji ya Kongo mpaka bahari ya Atlantiki.

2. Wakati wa kwenda

Mwezi wa Mei wafaa kuliko mingine. Mvua zimekwisha, njia hazitelezi, na majani yangali mabichi. Kiangazi kikizidi, moshi na vumbi huweza kulificha Ziwa Rukwa machoni pa aliyesimama juu. Ondokeni alfajiri, chukueni maji, chakula na nguo ya baridi, maana juu pana ukungu na upepo. Msitu ni hifadhi ya serikali. Kwa hiyo kiongozi na aombe ruhusa kwanza kwa wautunzao.

3. Msitu na maji

Njiani mtapita kwanza nchi ya majani matupu, kisha mtaingia msituni. Humo wakaa mbega wenye utosi mwekundu, wasioonekana katika nchi nyingi; tulieni mwasikie matawini. Kisha inameni mwiguse ardhi. Chini ya miti imefunikwa kwa majani yaliyooza, nayo ni laini na yenye unyevu. Mvua ikinyesha hapo huzama polepole, na chemchemi hutoa maji hata miezi isiyo na mvua. Penye ardhi tupu mvua hukimbia juu juu, hubeba udongo, na baada ya siku chache kijito kimekauka. Basi akataye mti wa mlimani humpunguzia maji mtu akaaye bondeni, ingawa hawajaonana kamwe.

4. Wazee na majani

Adui mkubwa wa msitu huu ni moto. Mtu huwasha majani makavu apate malisho mapya, upepo huuchukua moto, nao hula ukingo wa msitu mwaka kwa mwaka. Lakini Wafipa wa zamani walikuwa na ujuzi mwingine mashambani. Walilima majani wakayafukia katika vichuguu vya udongo viitwavyo intumba. Yalipooza, msimu uliofuata walivitawanya na kupanda ulezi. Walijua ya kuwa jani lililofukiwa ni chakula cha ardhi, na jani lililochomwa huwa majivu yapeperushwayo. Nasi tuliorithi mashamba yao yatupasa kurithi na akili yao. Mwenye shamba karibu na msitu na asafishe mpaka wake kwa jembe, wala asiwashe moto siku ya upepo.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Maji ya Momba na maji ya Kalambo huishia wapi?
2. Kwa nini chemchemi ya msituni hutoa maji wakati wa kiangazi?
3. Kijijini kwenu, ni nani huwasha moto wa majani, na kwa haja gani? Haja hiyo yaweza kutimizwa kwa njia nyingine ipi?